Kasi ya mashine au kasi ya kompaila?

Mwaka 1979 Jack Dongarra, Jim Bunch, Cleve Moler na Pete Stewart walichapisha mwongozo wa LINPACK, mkusanyiko wa programu za Fortran za kutatua milinganyo sambamba. Mwishoni mwa kitabu, kwenye kiambatisho, waliweka jedwali la mistari ishirini na ushee. Hawakuliweka ili watu washindane. Nia yao ilikuwa kumsaidia mtumiaji akadirie: nikiwa na milinganyo 100, mashine ya chuoni kwangu itachukua muda gani? Kijedwali hicho ndicho kilichozaa orodha ya TOP500 inayotajwa kwenye habari kila Juni na Novemba, na ndicho ninachotaka tukisome pamoja kabla hujazifikia makala za toleo hili.

Mistari minne inatosha. Cray-1 ya NCAR, kituo cha utafiti wa angahewa kilichoko Colorado, ilimaliza kazi kwa sekunde 0.049. Chini yake ipo CDC 7600 ya maabara ya Los Alamos, sekunde 0.148. Mstari wa tatu ni Cray-1 ya NCAR tena, safari hii sekunde 0.192. Wa nne ni CDC 7600 ya Los Alamos tena, sekunde 0.210.

Mashine zote mbili zilisanifiwa na Seymour Cray. CDC 7600 ilitoka mwaka 1969, na Cray-1 ikaja mwaka 1976 ikiwa na rejista nane za vekta, kila moja ikibeba namba 64, ili iiache mbali ile ya zamani. Lakini tazama mstari wa pili na wa tatu: kongwe iko juu ya mrithi wake. Anayesoma majina na sekunde tu ataapa kwamba Cray-1 ilikuwa hasara. Jibu liko kwenye safu ya mwisho kulia, ile iliyoandikwa kompaila, yaani programu inayotafsiri Fortran kuwa lugha ya mashine. Katika mistari miwili ya juu, vitanzi vya ndani kabisa, vile vinavyokula karibu muda wote wa kazi, vimeandikwa kwa mkono kwa lugha ya asembli. Katika miwili ya chini vimeachiwa kompaila ya Fortran. Chuma ni kilekile na hesabu ni ileile, ila Cray imepoteza karibu robo tatu ya kasi yake kwa sababu ya aliyeitafsiria kazi.

Ukiendelea kushuka, CDC 7600 inajitokeza tena na tena. NCAR walikuwa na yao, yenye kompaila waliyoitengeneza hapohapo: sekunde 0.359. Maabara ya Livermore walitumia kompaila iitwayo CHAT, na pembeni pameandikwa kwamba haikuruhusiwa kuboresha chochote: sekunde 0.554. Kutoka 0.148 hadi 0.554 ni karibu mara nne, na bado tunazungumzia aina moja ya kompyuta. Sasa uniambie, CDC 7600 ina kasi gani?

Naipenda safu nyingine ya jedwali hilo ambayo ina herufi moja tu. S ni usahihi wa kawaida, D ni usahihi maradufu. Mashine za CDC na Cray zimewekewa S, za IBM 370 zimewekewa D, na mtu wa haraka atadhani IBM wameonewa. Hawakuonewa. Neno moja la CDC lilikuwa na biti 60, la Cray biti 64, na la IBM biti 32, kwa hiyo IBM ilibidi itumie maneno mawili ili ifikie usahihi unaokaribiana na wa wenzake. Dongarra na wenzake walijua wanapima nini, wakaliandika jedwali kwa namna ambayo na wewe utajua.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya kompyuta kuukuu na hesabu za nukta elea, yaani hesabu za namba za desimali ambazo nukta yake huhama kufuata ukubwa wa namba. Kompyuta za mitumba bado zinaendesha maabara za shule na ofisi ndogo huku kwetu, na swali la mnunuzi ni lilelile siku zote: ina gigahezi ngapi? Tulifurahi makala zilipoanza kuingia, kwa kuwa waandishi walikuwa wamekwenda mbele ya gigahezi na kupima wenyewe. Lakini majedwali yao yalikuwa na sura moja. Pentium III, Pentium 4, Athlon, Core 2 Duo, na mbele ya kila jina namba moja ya megaflopu, yaani mamilioni ya hesabu za nukta elea kwa sekunde. Kompaila ama haikutajwa kabisa, ama ilitajwa jina bila toleo wala swichi, yaani chaguo anazopewa kompaila wakati wa kukompaili. Msimamo wa jarida hili ni kwamba namba ya namna hiyo haielezi mashine. Inaeleza mashine, kompaila, swichi na usahihi vikiwa vimefungwa fundo moja, na mwandishi akificha vitatu kati ya hivyo vinne, msomaji hana pa kuanzia kulifungua.

Kwa mashine za Intel za miaka ya tisini na ya mwanzo wa 2000 jambo hili si la kinadharia hata kidogo. Chukua programu ndogo inayosoma namba mbili, a na b, ikazijumlisha na kuweka jumla kwenye t, kisha ikatoa a kwenye t. Ipe a thamani ya 10 kwa kipeo cha 16, na b thamani ya 1. Mwanafunzi wa sekondari atakujibu 1. Usahihi maradufu una biti 53 za tarakimu, na karibu na ukubwa huo wa namba unaruka mbilimbili, kwa hiyo ile 1 inamezwa na jibu linakuwa 0. Ila kikokotoo cha x87, kile kilichoanza na chipu ya 8087 mwaka 1980, hufanya kazi ndani ya rejista za biti 80, ambazo zina nafasi ya kutosha kuibeba ile 1. Sasa chukua kompaila ya GCC kwenye Linux ya biti 32. Ukikompaili bila uboreshaji, t inaandikwa kwenye kumbukumbu, inakatwa hadi biti 53, na unapata 0. Ukiwasha swichi ya O2, t inabaki ndani ya rejista na unapata 1. Kompaila ya Microsoft ya enzi hizo ilikwepa utata huo kwa kuiamuru x87 ikate kila jibu hadi biti 53, kwa hiyo programu ileile kwenye mashine ileile iliweza kujibu tofauti ukihama mfumo. Watumiaji wa GCC waliripoti jambo hili mwaka 2000, likapewa namba 323, na kwa miaka mingi watu wakabishana kama ni hitilafu au ni tabia ya chuma.

Tiba ilikuwepo. Swichi ya float-store humlazimisha kompaila aandike kila thamani yenye jina, kama t, kwenye kumbukumbu, lakini hapo kasi inashuka, maana kila jibu la namna hiyo linafanya safari ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo mtu anayepima Pentium III kwa O2 peke yake na anayepima kwa O2 pamoja na float-store wanapima vitu viwili, na kila mmoja ana haki ya kusema amepima Pentium III.

Pentium 4 ilipotoka Novemba 2000 ilileta SSE2, maelekezo mapya ya usahihi maradufu yasiyopitia x87. Hapa mwandishi wa majedwali anakutana na uamuzi usio na jibu safi. Akichukua programu moja iliyokwisha kukompailiwa kwa x87 na kuiendesha kwenye mashine zote, Pentium 4 inadhalilika: kwa kila mpigo wa saa ilifanya kazi kidogo kuliko Pentium III, na kwenye programu kadhaa za zamani ile ya gigahezi 1.5 ilishindwa na kaka yake wa gigahezi 1. Akikompaili upya kwa kila mashine, Pentium 4 inapata SSE2 na kupumua, ila sasa mashine mbili zinaendesha maelekezo tofauti na pengine zinatoa tarakimu za mwisho tofauti. Na programu ya SSE2 huwezi kuipeleka kwa Pentium III. Itakufa kwenye elekezo la kwanza isilolijua. Mimi naegemea kukompaili upya, kwa kuwa hakuna mtu mwenye Pentium 4 anayelazimika kuitumia kana kwamba ni mwaka 1995. Wapo wahariri wenzangu wasiokubali, na hoja yao ni kwamba programu nyingi za biashara zilizoko kwenye mashine hizo hazitakompailiwa tena kamwe. Ni hoja nzito.

Swichi inayonikosesha usingizi ni fast-math. Inamruhusu kompaila kuzichukulia namba za nukta elea kama namba za darasani, ambazo unaweza kuzipanga upya upendavyo. William Kahan wa Berkeley, ambaye mchango wake ndio uti wa mgongo wa 8087 na wa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ana mbinu yake maarufu ya kujumlisha orodha ndefu bila kupoteza vipande vidogo. Kwa kila namba x inayoingia, unafanya hivi:

y = x − c
t = s + y
c = (t − s) − y
s = t

Hapo s ni jumla na c ni chenji iliyodondoka, ambayo unairudisha kwenye mzunguko unaofuata. Soma mstari wa tatu kwa macho ya aljebra. Kama t ni s jumlisha y, basi t ukitoa s ni y, na y ukitoa y ni sifuri. Kompaila aliyepewa fast-math anaona hivyohivyo, anaamua c ni sifuri daima, na anaifuta. Shughuli nne zinabaki moja, programu inakimbia, namba ya megaflopu inapanda kwa sababu aliyeandika kipimo bado anahesabu nne. Kazi yote ya Kahan imefutwa bila onyo hata moja kwenye skrini.

Kipimo kongwe cha Whetstone kina ugonjwa unaofanana na huo. Harold Curnow alikiandika Uingereza mwaka 1972, kwa takwimu ambazo Brian Wichmann alikuwa amezikusanya kutoka programu za Algol zilizoendeshwa kwenye kompyuta ya KDF9. Ni kipimo cha kuigiza. Vitanzi vyake vinakokotoa vitu ambavyo hakuna anayevihitaji. Kompaila za baadaye zilijifunza kutambua hesabu isiyo na mwenyewe na kuiondoa. Mashine inayomaliza haraka kwa sababu haikufanya kazi bado inapata alama.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. SPEC, shirika la vipimo vya kasi ya kompyuta, lilipotoa seti yake ya kwanza ya programu za kupimia mwaka 1989, mojawapo ya programu zake kumi iliitwa matrix300, na kazi yake ilikuwa kuzidisha matriksi za 300 kwa 300. Muda si mrefu watengenezaji wakawa na kompaila zinazoikata kazi hiyo vipandevipande vinavyotosha ndani ya kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa, na alama za programu hiyo moja zikaruka mara kadhaa bila prosesa kuguswa. Zilikuwa juu kiasi cha kuinua wastani wa seti nzima. Mwaka 1992 programu hiyo ikatupwa. Nisieleweke vibaya: kukata matriksi vipande ni mbinu halali, na kila maktaba nzuri ya hesabu inaitumia hadi leo. Kosa lilikuwa kuisoma alama hiyo kama sifa ya chuma. SPEC walifikia suluhisho ninaloliona la busara, kuchapisha hesabu mbili: moja ya swichi za kawaida zilezile kwa programu zote, na nyingine ya mwenye mashine kujitutumua.

Wenye simu wameyaona haya bila kujua. Android 2.2 ilipotoka mwaka 2010, mashine pepe ya Dalvik ilianza kukompaili programu wakati zinaendeshwa badala ya kuzitafsiri hatua kwa hatua. Google walisema kasi ingepanda mara 2 hadi 5. Waliokuwa na programu ya Linpack kwenye simu zao waliona megaflopu zikiruka usiku mmoja, na hakuna aliyekuwa amebadilisha simu.

Atakuja msomaji aseme kwamba mnunuzi hununua vyote pamoja, chuma na kompaila, kwa hiyo namba ya juu kabisa ndiyo inayomhusu. Kwa aliyenunua Cray mwaka 1979 naweza kukubali. Alikuwa na watu wa kumwandikia asembli. Fundi wa maabara ya shule ana GCC aliyoikuta kwenye diski.

Kwa hiyo kuanzia toleo hili, jedwali lolote la kasi litakaloletwa kwetu lazima lionyeshe prosesa na saa yake, jina na toleo la kompaila, swichi zote jinsi zilivyochapwa, usahihi, ukubwa wa kazi, na jibu lililopatikana pamoja na kiasi cha kosa lake. Kila mashine itakuwa na mistari miwili, mmoja wa O2 tupu na mmoja wa swichi ambazo mwandishi anaona ni bora. Dongarra alikuwa mkali zaidi: kwenye kipimo chake cha 100 kwa 100 hakuruhusu mtu aguse hata maoni yaliyomo ndani ya programu. Sisi tunaruhusu kuigusa, mradi msomaji aonyeshwe palipoguswa.

Majedwali ya toleo hili yamefanywa upya na waandishi wenyewe kwa utaratibu huo. Mawili yamebadilisha mshindi. La makala ya kwanza limekuwa pana mno kwa ukurasa mmoja, kwa hiyo tumelichapa kwa kulilaza. Itabidi uligeuze jarida.