Hiyo mashine ya sinki itoeni, musinunue nyingine

Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja: "Bro, ile mashine ya kusaga taka chini ya sinki imekufa, naweza kubadilisha mwenyewe?" Wengi munakaa hizi fleti mpya za Kisauni na Bamburi, ambazo mwenye nyumba aliweka mashine apate sababu ya kupandisha kodi. Kuitoa, toa mwenyewe. Lakini kuweka nyingine, ya nini?

Hii kitu ilibuniwa Marekani mwaka 1927 na John Hammes, msanifu majengo wa Racine. Kule iko na maana: maji yanatoka, na bomba linapeleka uchafu mpaka kwenye mtambo wa kuusafisha. Na bado New York waliikataza sehemu kubwa ya mji hadi 1997. Sasa we uko Mtopanga, bomba lako laenda wapi? Shimoni! Shimo moja, fleti kumi na mbili. Machicha ya nazi unayosaga juu yanamjazia shimo mama wa chini, na siku ya kuita lori la kunyonya munachangishwa wote, hata yule anayekula kwa kibanda.

Halafu maji. Mashine hii haisagi kavu, lazima mfereji uwe wazi. Mfereji wa kawaida ukitoa lita 6 kwa dakika, dakika tatu kwa siku ni lita 18. Huo ni karibu mtungi mzima wa 20, tena ule uliomlipa jamaa wa mkokoteni. Wallahi niliacha chuo, sikuacha hesabu.

Najua utaniambia gari la taka halipiti na mifuko inaoza pale nje. Kweli. Lakini mashine haiondoi taka, inaificha tu. Weka ndoo yenye kifuniko. Machicha na wali uliobaki kuku wanapigania, maganda ya ndizi na muhogo mbuzi wa jirani hamalizi kushukuru.

Kuitoa sasa. Zima umeme kwa swichi kubwa kwanza, sio ile ya ukutani pekee. Kama ina plagi, chomoa. Kama waya umeingia ukutani moja kwa moja, hapo ita fundi wa stima, usijifanye simba. Weka ndoo chini, fungua bomba la kutolea maji, halafu ile ringi ya juu izungushe huku umeishikilia mashine kwa mkono wa pili, manake ni nzito na itakuangukia usoni. Kwangua gundi kuukuu kwenye tundu la sinki, nenda hadiwea ununue kichujio cha sinki na lile bomba lililojikunja. Usiruke hiyo kona: maji yanayobaki pale ndiyo yanazuia harufu ya shimo isipande jikoni. Kaza kwa mkono, jaza sinki, achilia, papasa kila kiungo na tishu kavu.

Mashine usiitupe, ni mali ya mwenye nyumba. Itie kwenye boksi, weka juu ya kabati. Akiiulizia, mwambie aje aichukue akaifunge kwake.