Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye



Wiki hii tumepata swali kutoka kwa mzazi wa Lamu. Bintiye amepangiwa shule mjini Kakamega, katika mkondo wa Sanaa na Michezo, akiwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia sekondari ya juu Januari 2026. Mwalimu amempa orodha ya vifaa vya kuchorea. Mzazi anauliza kama avinunue vyote Nairobi njiani, maana orodha ni ndefu na uwezo ni mdogo.

Swali hili limetugusa, kwani sisi pia tulisomea Kakamega, na kosa tulilolifanya njiani hatujalisahau hadi leo.

Basi la usiku kutoka Mombasa lilitushusha Nairobi alfajiri, na basi la Kakamega lilikuwa la jioni. Tulibaki mchana kutwa mjini, begi mgongoni, na pesa za mama zimefungwa katika leso ndani ya shati. Pesa hizo zilikuwa thamani ya kofia mbili za vito, alizozishona kwa mkono tundu baada ya tundu kwa miezi kadhaa. Alipotukabidhi alisema neno moja tu: "Nunua kilichoandikwa, mwanangu, na risiti uniwekee."

Katika duka la kwanza tulilokutana nalo tuliona sanduku la rangi 36, limepangwa kama vito vya dhahabu dirishani. Orodha ya mwalimu ilitaja rangi tano tu, na juu yake ilitaja karatasi nzito. Tulilichukua sanduku. Pesa iliyosalia ilitosha karatasi nyepesi tu, na kwa haraka ya kuwahi basi hata risiti hatukuidai.

Siku ya kwanza darasani tulipopitisha brashi yenye maji, karatasi ilijikunja kama jani kavu. Tulipoisugua ili kusahihisha, ilitoboka. Mvua za alasiri za Kakamega nazo zililowesha hewa ya bweni, hata karatasi zilizobaki zikapinda kabla ya kutumiwa. Muhula mzima hatukutoa kazi moja ya kusimamishwa ukutani. Mama alipouliza, tulimjibu kwamba vifaa ni vizuri na risiti imepotea. Uwongo huo ulituumiza kuliko karatasi.

Likizo ilipofika tulimweleza ukweli. Hakutugombeza. Aliichukua karatasi moja, akaipikicha kwa vidole kama anavyopima nguo dukani, kisha akasema: "Umenunua nyuzi za kila rangi, ukasahau kitambaa." Tangu siku hiyo tulijua namna ya kuisoma orodha, na hivi ndivyo tunavyomshauri mzazi wetu.

Kwanza, fedha ianzie kwenye karatasi. Karatasi ya kawaida ya ofisini huwa na uzito wa gramu 80 kwa mita moja ya mraba, nayo haistahimili maji. Kwa penseli na makaa, gramu 150 zatosha. Kwa rangi za maji, tafuta inayokaribia gramu 300. Uzito huo huandikwa kwenye jalada. Usipouona, uliza kabla ya kulipa.

Pili, vifaa vichache vyema vinashinda vingi hafifu. Penseli tatu, yaani HB, 2B na 6B, humpa mwanafunzi alama nyepesi hadi nyeusi za kutosha. Rangi nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyeusi zikichanganywa kwa subira huzaa nyingine nyingi, na kuzichanganya ndiko kujifunza kwenyewe. Brashi ziwe mbili, ya duara na ya bapa. Ile ya duara ikiloweshwa irudi kuwa na ncha. Ikibaki imetawanyika, irudishe rafuni.

Tatu, si kila kitu hutoka mji mkuu. Kisumu iko kilomita 50 hivi kutoka Kakamega, na binti anaweza kwenda na wenzake na mwalimu akishajua anachohitaji. Kitambaa cha kuchorea kinaweza kuwa marekani, ambayo sisi wa pwani tunaijua tangu enzi za mababu. Fundi seremala atamtengenezea fremu, na marekani ikishavutwa na kupakwa rangi nyeupe ya maji hupokea picha vizuri. Makaa ya kuchorea hupatikana kwa kuchoma vijiti ndani ya kopo lililofunikwa. Na kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu ipo Ilesi, mahali panaposifika kwa wafinyanzi wake, na vyungu vyao huuzwa kando ya njia.

Udongo si kifaa cha maskini. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, leo anajulikana ulimwenguni kwa vyungu anavyovijenga kwa mkono, bila gurudumu la mfinyanzi. Sehemu ya ujuzi huo aliupata Abuja, Nigeria, kutoka kwa wanawake wafinyanzi wa huko.

Nne, binti asinunue baina ya basi na basi. Kama ni lazima anunue Nairobi, apokewe na jamaa, wapite maduka mawili au matatu, walinganishe bei, na wadai risiti. Karatasi zikunjwe kwa mviringo ndani ya kipande cha paipu ya plastiki kilichozibwa pande zote mbili. Hapo hazitavunjika wala kulowa.

Mwisho, mzazi amwombe mwalimu atenganishe vya muhula huu na vya mwaka mzima. Mara nyingi orodha ndefu hupungua nusu. Na binti ajue pesa hiyo imetoka wapi. Amwambie mzazi ukweli hata akikosea, kwani karatasi iliyotoboka hununuliwa nyingine, lakini imani ya mzazi haiuzwi Nairobi wala Kisumu.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.