Kamyo isiyowaka: fundi apime kwanza, mwenye kamyo alipe baadaye

Katika garaji nyingi za Bukavu, kamyo ikikataa kuwaka, hukumu inatoka haraka: batri zimekufa. Mwenye kamyo anakopa, batri zinabadilishwa, ufunguo unazungushwa, na injini inabaki kimya. Kisha demare, ile mota ndogo inayozungusha injini, inafunguliwa na kubadilishwa. Inafuata alternatere. Mwishoni inaonekana kwamba ubaya ulikuwa kwenye waya wa masi ulioliwa na kutu. Vifaa vitatu vimelipwa bure, na hakuna anayerudisha pesa.

Desturi hiyo ya kubahatisha inapaswa kuachwa. Si kwamba mafundi wa Bukavu hawana akili ya kazi. Wengi wanafufua injini ambazo kwingine zingetupwa. Lakini umeme hauonekani kwa macho kama mafuta yanayovuja. Unapimwa.

Hata kabla ya kipimo, kamyo yenyewe inasema. Ufunguo ukizungushwa na taa zikazimika, kwanza zitazamwe batri na vichwa vyake. Taa zikibaki na nguvu lakini hakuna sauti, huenda batri hazina kosa: ubaya utafutwe kwanza kwenye fizibu, rele, kontakti ya ufunguo au waya mdogo unaoamuru demare. Ikisikika « tak » moja na taa zikabaki na nguvu, washukiwa ni waya mkubwa au demare yenyewe. Na kama injini inazunguka vizuri bila kuwaka, kuuza demare mpya ni kumwibia mteja. Hapo swali ni mazuti: yanafika? Kuna hewa ndani ya mipira? Kifaa cha umeme kinachofungua mazuti kwenye pompa kinafanya kazi?

Baada ya hapo multimetre inamaliza ubishi. Kamyo nyingi zinatumia volti 24, yaani batri mbili za volti 12 zilizofuatana. Batri iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu 12,6. Ikiwa chini ya 12, iko karibu tupu, na kuijaza kunaweza kutosha. Jumla ya batri mbili ikishuka chini ya 19 hivi wakati demare inazunguka, batri ni dhaifu. Kisha fundi aweke ncha moja kwenye kichwa cha masi cha batri, ya pili kwenye chuma cha injini, na ufunguo uzungushwe. Ikizidi nusu ya volti, masi ni mbaya. Dawa yake ni brosi ya chuma, funguo na dakika chache.

Fundi fulani atajibu kwamba multimetre ni ya watu wa mashule. Jibu hilo halisimami. Ya kawaida inagharimu kidogo kuliko batri moja ya kamyo, hata ile iliyokwisha kutumika. Wengine watasema umeme wa Bukavu unakatika mno, batri zinarudi kutoka kujazwa zikiwa nusu. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuzipima kabla ya kuzifunga.

Hasara haiishii mfukoni. Kwa kukosa dawa, madereva wanaegesha kamyo kwenye mteremko ili asubuhi iwake kwa kuteleza. Katika mji wa milima kama Bukavu, huko ni kucheza na maisha ya wapita njia: injini ikiwa imezimika, usukani unakuwa mzito na hewa ya breki haijazwi tena. Wengine wanaunganisha waya moja kwa moja bila fizibu, mpaka kamyo inashika moto. Wengine wanaomba umeme wa teksi ya volti 12, na kuhatarisha magari yote mawili.

Na kamyo inayozimika kwenye mapanda ya Ngomo, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kuelekea Kamanyola na Uvira, inafunga njia ya wengine. Nyanya na samaki havingojei. Mama mwuzaji wa Kadutu ndiye anayelipa kosa la waya mmoja.

Kwa hiyo wenye kamyo waanze kudai jambo moja: hakuna kifaa kinachonunuliwa kabla fundi hajaonyesha namba kwenye kipimo. Shule za ufundi kama ITFM na vituo vya mafunzo kama INPP vifungue masomo mafupi ya jioni kwa mafundi waliojifunza kazi garajini, kwa Kiswahili, juu ya kamyo halisi. Chama cha madereva, ACCO, kiwahimize wanachama wake kusafisha vichwa vya batri kila juma, hasa wakati wa mvua.

Fundi anayepima hapotezi wateja. Anayebahatisha ndiye anayewapoteza, polepole, batri moja baada ya nyingine.