Mshairi na Waliomhukumu

Wenyeji wa Tana River, tangu huku Bangale kwenye malisho ya Waorma hata Kipini mto unapoingia baharini, hawana haja ya kufunzwa kwamba watawala huwahofu washairi. Kwani Kipini ndiko wazee waonyeshako kaburi la mshairi Fumo Liyongo, ambaye, kwa masimulizi ya pwani, alitiwa kifungoni na jamaa yake mtawala wa Pate, akamwagiza mamaye kwa wimbo, kwa ulimi wa kijakazi Saada, amtilie tupa ndani ya mkate, akazikata pingu huku nje ngoma ya gungu ikivuma.

Aliye karibu nasi kwa zama ni Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22 na mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? kuilaumu serikali kwa dhulma yake juu ya wapinzani. Akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu, akawekwa pweke, akawa anatunga kwa siri juu ya karatasi za chooni. Tungo hizo zilichapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata zikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga, naye mtunzi amekwisha kuhamia Dar es Salaam.

Wengi husimulia habari ya tuzo kana kwamba ndiyo suluhu. Mimi nakataa: tuzo si radhi, wala haikuitangua hukumu.

Tazameni mfano wa ng'ambo: Waukraine walipotengeneza filamu ya maisha ya Vasyl Stus, mshairi wao aliyefia katika kambi ya wafungwa ya Kisovieti mwaka 1985, palizuka habari kwamba litaondolewa tukio la wakili aliyewekwa kumtetea mwaka 1980 na kulaumiwa kwa kutomtetea, ambaye siku zile za filamu alikuwa mwanasiasa mwenye nguvu; umma ukahamaki, na tukio likarudishwa. Walifahamu kuwa kumsifu mdhulumiwa na kumsitiri aliyeshiriki katika kumdhulumu ni dhulma ya pili.

Sisi wa kaunti hii twalijua hilo kwa msiba. Mwaka 1959, katika kambi ya Hola, mahabusi 11 walipigwa hata wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikasingizia maji waliyokunywa.

Basi filamu ya Abdilatif itengenezwe, kwa Kiswahili, wangali hai walioishuhudia zama ile. Isiishie katika seli na mashairi, bali imwonyeshe hakimu, mwendesha mashtaka na waliotoa amri, kila mmoja kwa jina lake na kwa maneno yaliyomo katika kumbukumbu za mahakama. Na isionyeshwe Nairobi na Mombasa tu. Iletwe Hola, iletwe Garsen, iletwe na Bangale, itandikiwe kitambaa uwanjani usiku, watoto wa wafugaji waione bila malipo.