Mbio Zinaanzia Ofisi ya Kitambulisho



Ndugu yangu, dada yangu, wewe unayesoma hapa na simu yako mkononi, nina swali moja tu. Ukiitwa leo kwenda kushindana ng'ambo, utasafiri na karatasi gani?

Nauliza kwa sababu limetufika hapa Shela. Kuna kijana mmoja wa mtaani kwetu, mtoto wa mvuvi, jina lake nalihifadhi. Maji yakisimama huvuka mkondo akaogelea mpaka Manda na kurudi, kama wewe unavyoenda dukani. Vile vilima vya mchanga nyuma ya mji hupanda mbio pekupeku. Mwaka mmoja akaja mgeni mwenye mazoezi yake, wakawa wanakimbia pamoja kila alfajiri baada ya swala. Mgeni ndiye aliyemwambia: kwetu kuna mashindano ya hivi hivi, unaogelea, unaendesha baiskeli porini, unamaliza kwa kukimbia. Njoo, tiketi na ada juu yangu.

Mashindano hayo si mchezo wa mtaani. Mfululizo unaojulikana zaidi unaitwa XTERRA. Ulianza Maui, Hawaii, mwaka 1996, na mwaka 2022 ubingwa wake wa dunia ulihamia Molveno, milimani kaskazini mwa Italia. Mtu anaogelea kama kilomita moja na nusu, anapanda baiskeli ya milimani kilomita thelathini hivi kwenye mawe, matope na mizizi, kisha anakimbia kama kilomita kumi. Usiseme ni mambo ya Wazungu. Conrad Stoltz, Mwafrika Kusini, alichukua ubingwa wa dunia mara nne.

Sasa tazama hapa kwetu. Bahari ipo. Mchanga wa kuvunja miguu upo. Wakati wa Maulidi watu wanashindana kuogelea, kukimbiza punda na kupiga tanga, na wazee wanakaa kutazama. Kilichokosekana ni baiskeli tu, manake vichochoro vyetu ni vya watu na punda. Hata hiyo yule kijana aliipata ya kuazima, akawa anangoja maji yatoke, mchanga wa ufuoni ukiwa mgumu, anaendesha mpaka anakuwa nukta.

Alikuwa na miezi minne. Nguvu alikuwa nazo, mwaliko anao, nauli ipo. Kitambulisho hana.

Alikuwa ameomba mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa alete karatasi za babu yake, na babu alikufa zamani, hakuacha karatasi, aliacha dau. Mara ya pili aliambiwa angoje apigwe msasa. Angoje mpaka lini? Hakuna aliyemwambia, hakuna aliyemwandikia. Na bila kitambulisho huna pasipoti, bila pasipoti huna viza ya kuomba. Siku wenzake wanaingia majini huko, yeye alikuwa jetini anabeba mizigo ya wageni.

Ndio maana nasema, mbio zake zilianzia ofisini na alishindwa kabla hajalowa.

Tusidanganyane, hili si jambo la kijana mmoja. Sisi wa kaunti za mpakani, hasa tukiwa na majina ya Kiislamu, tumekua tukijua kwamba Mkenya wa kwingine anaulizwa "umezaliwa lini?" na sisi tunaulizwa "wewe ni wa wapi hasa?" Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tamko la kuondoa ule msasa wa ziada kwenye vitambulisho. Alhamdulillah, hilo lilipiganiwa miaka mingi. Lakini tamko likisomwa Wajir halitembei peke yake mpaka kwenye meza ya karani. Linatembezwa na watu wanaojua haki yao.

Na haki hiyo imeandikwa. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati za usajili. Kifungu cha 39 kinampa kila mtu haki ya kutoka nchini. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na kinataja dini, kabila, kuzaliwa, mpaka mavazi. Kifungu cha 47, hiki ukihifadhi moyoni: ofisi ya serikali ikichukua hatua inayoumiza haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, si kwa kutikiswa kichwa dirishani.

Najua wengine mtasema: "Hata ukiwa na pasipoti, viza utaipata?" Swali zuri. Julai 2022, Ferdinand Omanyala, mwenye rekodi ya Afrika ya mita 100, alicheleweshewa viza ya Marekani mpaka akatua Oregon saa chache tu kabla ya mbio zake za kwanza za ubingwa wa dunia. Huyo ni Omanyala, taifa zima linapiga kelele. Mwezi uliofuata tulimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyeanguka na kufariki akishindana kwenye mbio za baiskeli za barabara za vumbi kule Vermont. Yeye alipigania waendeshaji baiskeli wa Afrika Mashariki wapate nafasi ya kushindana ng'ambo, si wabaki kusifiwa nyumbani.

Kwa hivyo ndio, mlango wa viza ni wa watu, na Katiba yetu haiufungui. Lakini Omanyala alisimama kwenye mlango huo na pasipoti mkononi. Kijana wetu hakufika hata barazani. Huo wa kwanza ni mlango wa nyumba yetu wenyewe, na hakuna sababu tufungiwe nje.

Wengine mtasema tena: "Tuna shida za ardhi, kazi, watu kupotea, nyinyi mnazungumza michezo?" Jibu langu ni kwamba karatasi ni ile ile. Kitambulisho kilichomzuia kijana kushindana ndicho unachoulizwa ukitaka kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kuandikwa kazi bandarini, kupiga kura. Pasipoti aliyoikosa ndiyo mama yako anayoihitaji aende Umra. Michezo imetuonyesha tu mahali palipovuja.

Na dada zetu je? Msifikiri nimewasahau. Msichana wa Shela anaijua bahari, ila akibaleghe tunamtoa majini, kisha tunashangaa hawajui kuogelea. FIFA iliruhusu hijabu mwaka 2014, mpira wa kikapu wa kimataifa ukafuata 2017, na Ibtihaj Muhammad alishinda medali Rio 2016 kichwa chake kimefunikwa. Halafu Ufaransa ikawakataza wanamichezo wake hijabu kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Hiyo ni dhuluma na tuiseme. Lakini tukiwalaumu Wafaransa kwa kumfungia msichana mlango, na sisi tuulizane: tumemtengea saa na sehemu ya stara afanye mazoezi? Na kitambulisho chake tumekishughulikia, au tumesema "ataolewa, cha nini?"

Sasa, la kufanya. Ukitimiza miaka 18 usingoje harusi wala uchaguzi, nenda kaombe. Usiende peke yako, nendeni wanne watano, pamoja na mzazi au mzee anayejulikana. Ile karatasi ya kusubiri ipige picha, uandike tarehe na ofisi uliyohudumiwa. Ukiambiwa urudi, uliza kwa adabu: nirudi lini, na kwa nini? Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, ukitaja Kifungu cha 47. Wakikunyima, tuletee sisi, manake malalamiko yenye tarehe tunaweza kuyafikisha mbali. Ya barazani peke yake hayaendi popote. Na ukipata kitambulisho, ombea pasipoti kabla hujaitwa popote.

Tunaambiwa tumfunge ngamia kisha tutawakali. Wengi wetu tunatawakali, ngamia yuko Manda.

Yule kijana sasa kitambulisho anacho. Kilitoka baada ya kuandika barua na kuifuatilia, wala hakuna aliyehongwa. Pasipoti ameomba. Juzi nilimwona alfajiri, maji yametoka, anaendesha ile baiskeli ya kuazima kwenye mchanga mgumu. Nikamuuliza, umealikwa tena? Akanijibu, "Bado. Lakini safari hii hawanikuti mikono mitupu."

Na wewe je, wakikuita leo?

Wabillahi tawfiq.