Usione Haya Kuuliza: Wenye Kiingereza Wenyewe Hawakubaliani

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mfanyabiashara wa kijijini, leo nasema bila kuzunguka: acha kunyamaza dukani kwa sababu tu karatasi imeandikwa kwa Kiingereza.

Wenye lugha wenyewe hawakubaliani. Mmarekani akisema "corn" anataka mahindi. Kwa Mwingereza, kwa desturi, neno hilo ni nafaka, hasa ngano. "Yam" kule Nigeria ni kiazi kikuu, lakini Marekani mara nyingi ni kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa. Biringanya lile lile ni "eggplant" Marekani, "aubergine" Uingereza na "brinjal" India. Ukinunua mbegu kwa jina tu, unaweza kulipia pakiti tatu ukidhani ni mazao matatu.

Kwenye vipimo ndiko tunakoumia zaidi. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na huku kwetu wengi huita galoni hata dumu la lita 5. Tuseme umesoma kwenye simu: mililita 30 za dawa kwa galoni moja. Bomba la lita 16 litataka mililita 127 kwa hesabu ya Marekani, 106 kwa ya Uingereza, na 96 kwa dumu lako. Ukizidisha, unaunguza mazao na kumlisha mlaji sumu. Ukipunguza, wadudu wanabaki na hela imekwenda. Hata tani ya Marekani ni kilo 907, si 1,000. Kilo 93 zinazopungua ni karibu gunia zima la mahindi.

Halafu muuzaji anakujibu, "Imeandikwa hapo, soma." Sikubali! Anayepokea pesa yako ndiye mwenye wajibu wa kukueleza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:
- Taka kipimo kwa lita, mililita au kilo. Galoni ikitajwa, uliza ni ya nchi gani.
- Taka jina la zao kwa Kiswahili, na uone picha au sampuli.
- Fuata lebo ya dawa uliyonunua, si ya video ya ng'ambo.
- Akishindwa kueleza, rudisha pesa mfukoni.

Kuuliza si ujinga. Hasara ya msimu haimwangukii muuzaji, inakuangukia wewe na watoto wako.