Wimbo wa Taifa na suala la ardhi lililoachwa nje ya beti

WAKENYA wameimba Wimbo wa Taifa tangu Desemba 1963, lakini ni wachache waliowahi kuusoma kama shairi. Anayeusoma hivyo hukumbana na jambo la ajabu: katika beti zake zote tatu, neno ardhi halimo.

Hamna mlima, mto wala shamba. Hata Mlima Kenya, ambao uliipa nchi jina lake, haukutajwa. Majirani wa Uganda, kwa upande wao, wana wimbo unaousifu udongo unaowalisha.

Kimya hicho si cha bahati mbaya. Mwaka wa 1963 hapakuwa na suala lililowaka moto nchini kuliko ardhi. Vita vya Mau Mau, vilivyoifanya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, vilipiganwa kwa ajili ya ardhi na uhuru. Mpango wa kununua takriban ekari milioni moja kutoka kwa walowezi na kuwakatia Waafrika ulikuwa tayari umeanza, na wengi waliopata mashamba hayo walitakiwa kuyalipia kwa mkopo. Nao mvutano wa KANU na KADU kuhusu utawala wa majimbo ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mvutano wa nani angekuwa na usemi juu ya mashamba ya Bonde la Ufa na Pwani.

Jopo la watu watano lililotunga wimbo huo, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Kasisi Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilihitaji maneno ambayo kila upande ungeyaimba bila kununa. Kutaja udongo kungezua swali la udongo wa nani.

Badala yake walichagua neno nchi, nalo lilitokea mara moja tu, katika ubeti wa pili. Ni neno lenye sura mbili. Msemaji wa Kiswahili anapotaja nchi kavu huwa na maana ya ardhi yenyewe, inayokanyagwa kwa mguu. Anapotaja nchi ya Kenya huwa na maana ya dola yenye mipaka na serikali. Mkulima wa Molo anaweza kuimba akiwaza ekari zake mbili, naye karani wa Nairobi akawaza bendera, na wote wawili wakawa hawajakosea.

Tofauti ya matoleo mawili ya wimbo huo inafichua zaidi. Toleo la Kiingereza huiita nchi urithi. La Kiswahili linasema tu kwamba inapendwa, na dhana ya urithi haimo. Waliotafsiri huenda walizingatia mizani ya tuni pekee, lakini athari yake ni kubwa. Urithi huwa na warithi, na palipo na warithi hapakosi wanaoachwa nje ya wosia. Mapenzi hayahitaji hati miliki.

Aidha, mpangilio wa beti unastahili kutazamwa kwa makini. Ubeti wa kwanza, ambao mara nyingi huimbwa peke yake katika hafla, unaomba haki iwe kinga ya raia. Ni katika ubeti wa pili tu ambapo raia huyo anatakiwa kuwa tayari kuilinda nchi. Kwa mantiki ya shairi, haki hutangulia na uzalendo hufuata. Wanasiasa wanaowahimiza vijana wawe wazalendo hupenda kuanzia ubeti wa pili.

Historia nayo imekuwa na mpangilio wake. Ghasia za kikabila za 1992 na 1997 zilihusu, miongoni mwa mambo mengine, nani mwenyeji na nani mgeni katika mashamba. Mwaka wa 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilionyesha jinsi ardhi ya umma, ikiwemo misitu, ilivyogawanywa kinyume cha sheria kama zawadi za kisiasa. Kisha vikaja vita vya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vilivyoua zaidi ya watu 1,100. Waliofurushwa Bonde la Ufa waliujua wimbo ule ule waliouimba waliowafurusha.

Hata hivyo, fumbo kubwa zaidi limo katika tuni. Ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, na jina linalohusishwa nao ni la Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River. Wapokomo ni wakulima wa kandokando ya Mto Tana. Majirani wao Waorma ni wafugaji, na mifugo yao huufikia mto kupitia njia ziitwazo malka, zinazopita katikati ya mashamba.

Serikali ilipoanzisha mpango wa kupima ardhi ya huko ili watu wapewe hati za kibinafsi, Wapokomo wengi waliuunga mkono, nao Waorma wakaupinga wakihofia kufungiwa mto. Mapigano yalizuka 2001. Yaliporejea kuanzia Agosti 2012, zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Hati ambayo ingemhakikishia mmoja shamba lake ilionekana na mwenzake kuwa ukuta mbele ya maji.

Katiba ya 2010 ilijaribu kulisema lile ambalo shairi lililikwepa. Kifungu cha 61 kinatamka kwamba ardhi yote ni mali ya Wakenya kwa pamoja kama taifa, kama jamii na kama watu binafsi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikafuata, ili jamii ziweze kusajili maeneo yao kwa majina yao wenyewe. Usajili huo umekwenda kwa mwendo wa kobe. Ardhi ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na Tana River ni miongoni mwa kaunti ambazo suala hilo lina uzito mkubwa.